Soma Nyayo Zako: Namna ya Kutambua Aina ya Wayo na Mwendo Wako Ukiwa Nyumbani



Asubuhi moja ya msimu wa mvua, mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi alifika katika kituo chetu kutoa taarifa ya kupotelewa na mzigo. Kwa heshima aliziacha kandambili zake mlangoni, akapita juu ya sakafu ya saruji kwa miguu iliyolowa, akaketi kwenye benchi na kuanza kueleza. Askari wa zamu alishika kalamu, lakini hakuandika. Alikuwa akitazama sakafu. Nyayo za mguu wa kushoto zilikuwa za maji matupu. Nyayo za mguu wa kulia zilikuwa na doa jekundu chini ya kidole gumba, doa lile lile katika kila hatua.

Mama alipoonyeshwa alishangaa kuliko sisi, kwa kuwa hakuhisi maumivu yoyote. Msumari mdogo ulikuwa umetoboa kandambili na kuuchimba wayo wake, wala hakujua ni tangu siku gani. Tulimfikisha kwenye kituo cha afya, na huko ikabainika kwamba ana ugonjwa wa kisukari, ambao ulikuwa umekwisha kuzifisha hisia za miguu yake. Kidole kimoja hakikuokolewa. Mguu uliokolewa. Mzigo wake nao ulipatikana siku ya pili kwa msaada wa wenzetu wa upande wa pili wa mpaka.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: ni watu wangapi wanaopita mbele yetu kila siku wakiwa na habari muhimu iliyoandikwa chini ya miguu yao, nao hawajapata kuisoma? Ndiyo maana katika toleo hili tumeona vema kuleta somo la nyayo. Maisha ya mpakani ni maisha ya miguu. Wachuuzi hutembea na mizigo kichwani kutoka soko la upande huu hadi la upande ule, watoto huenda shule kwa miguu, wachungaji hufuata malisho, na sisi askari wa doria hupita vichochoro na njia za panya usiku kucha. Anayetegemea miguu kwa riziki yake hana budi kuifahamu.

Tutangulize neno moja. Sisi ni polisi, si madaktari. Tunayoyaeleza hapa ni ya kumsaidia mtu ajitazame nyumbani kwake, ajue lililo la kawaida na lisilo la kawaida. Tiba ina wenyewe.

Lengo la somo

Msomaji akimaliza somo hili aweze: kwanza, kutambua kama wayo wake ni bapa, wa wastani au ulioinuka, pili, kuusoma mwendo wake kwa kutazama viatu na hatua zake, tatu, kuzijua dalili zinazomtaka aende kituo cha afya bila kukawia.

Wayo ulivyoumbwa

Mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26 iliyofungwa pamoja kwa kano nyingi. Mifupa hiyo haikulazwa chini kama matofali ya sakafu. Imepangwa kwa umbo la tao, mfano wa daraja la mawe. Tao kubwa liko upande wa ndani, kati ya kisigino na shina la kidole gumba. Upande wa nje lipo tao fupi zaidi, na jingine hukatiza wayo kwa mapana. Chini ya tao kubwa umepita utando mgumu unaoanzia kisiginoni hadi kwenye vidole, nao hufanya kazi ya kamba ya upinde: uzito ukishuka hunyooka kidogo, uzito ukiondoka hurudi.

Tao hili ni la kale mno. Mwaka 1978, huko Laetoli karibu na Ngorongoro nchini Tanzania, watafiti waliokuwa wakiongozwa na Mary Leakey walifukua mistari ya nyayo iliyoachwa juu ya majivu ya volkano yaliyolowa kwa mvua, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Kisigino kilichogusa kwanza kinaonekana, na kidole gumba kimeelekea mbele kama chetu. Majivu na maji ndivyo vilivyotutunzia ushahidi huo, na kwa vifaa hivyo hivyo kila msomaji anaweza kuuchukua wa kwake leo.

Jaribio la kwanza: maji na sakafu

Vifaa ni karai lenye maji kidogo na sakafu kavu ya saruji. Asiye na sakafu ya saruji atumie kartoni lililokunjuliwa. Asiye na kartoni anyunyize majivu laini au vumbi jembamba juu ya ardhi iliyo sawa, naye akanyage kwa wayo mkavu.

Hatua ni hizi. Osha miguu uondoe matope. Chovya wayo mmoja, uukung'ute ili maji yasichuruzike. Kisha piga hatua ya kawaida, ukiutua mguu huo juu ya sakafu kwa uzito wako wote kana kwamba unapita njiani, na uendelee mbele. Usisimame ukasukuma wayo chini, wala usijikaze kuuinua. Geuka utazame alama kabla jua halijaikausha. Fanya vivyo hivyo kwa mguu wa pili, kwa kuwa miguu ya mtu mmoja si lazima ilingane. Rudia mara tatu, kwani ushahidi wa mara moja huweza kupotosha.

Sasa tazama sehemu ya katikati, baina ya kisigino na vidole.

Ikiwa ukanda unaounganisha kisigino na sehemu ya mbele una upana wa karibu nusu ya wayo, na upande wa ndani umeacha pengo lililopinda vizuri, huo ni wayo wa wastani.

Ikiwa alama imejaa karibu yote, pengo la ndani halionekani au ni dogo sana, huo ni wayo bapa. Tao lake hushuka uzito unapoukalia.

Ikiwa ukanda wa katikati ni mwembamba kama uzi, au haupo kabisa hata kisigino na sehemu ya mbele vikaonekana kama visiwa viwili, huo ni wayo ulioinuka. Tao lake halishuki vya kutosha.

Jaribio la pili: kuketi na kusimama

Alama ya maji inaweza kudanganya. Mtu mwenye nyama nyingi chini ya wayo huacha alama iliyojaa ilhali mifupa yake imeinuka vizuri. Kwa hiyo tuliunge mkono jaribio la kwanza kwa jingine.

Keti kwenye kiti, miguu ikigusa chini bila kubeba uzito. Upande wa ndani wa mguu, mbele kidogo ya kifundo na chini yake, papasa mpaka uupate mfupa uliotokeza. Uwekee nukta ya kalamu. Mtu mwingine apime kwa rula ya mwanafunzi urefu kutoka sakafuni hadi kwenye nukta. Kisha simama wima kwa miguu yote miwili, apime tena. Nukta itakuwa imeshuka kidogo, na hilo ni jambo la kawaida. Ikishuka zaidi ya milimita 10, tao lako hulala sana linapobeba uzito.

Mwenye wayo bapa aongeze jambo moja. Asimame akishika ukuta, kisha apande juu ya ncha za vidole. Tao likijitokeza na kisigino kikageukia ndani kidogo, wayo wake ni bapa lakini unanyumbulika, na aghalabu hauna shida. Tao lisipojitokeza hata hapo, au akishindwa kabisa kupanda kwa mguu mmoja, wayo umekakamaa au kano inayouinua imedhoofika. Huyo anafaa kuonana na mtaalamu.

Jaribio la tatu: viatu havisemi uongo

Chukua viatu ulivyovitembelea kwa miezi kadhaa. Viweke juu ya meza iliyo sawa, uvitazame kwa nyuma, kisha uvipindue uzitazame soli.

Kwa watu wengi, soli huisha kwanza kwenye pembe ya nje ya kisigino, kisha katikati ya sehemu ya mbele chini ya vidole. Usishtuke kuona pembe hiyo imeliwa, kwa kuwa kisigino hutua chini kwa upande wa nje na ndivyo inavyotakiwa.

Soli iliyolika zaidi upande wa ndani, hasa chini ya kidole gumba, na kiatu kikawa kimeinamia ndani juu ya meza, huonyesha wayo unaolala ndani kupita kiasi. Soli iliyolika upande wa nje kuanzia kisigino hadi kidole cha mwisho huonyesha mguu unaoelemea nje. Kiatu kimoja kikiisha zaidi ya kingine, huenda unauegemea mguu mmoja kwa sababu ya maumivu ya zamani, au una mazoea ya kubeba mzigo kwa bega moja.

Hapa tunatoa tahadhari mbili zinazowahusu watu wa mpakani. Ya kwanza ni ya waendesha bodaboda: viatu vyenu ni mashahidi wasioaminika, maana kiatu cha kushoto huchakazwa juu na pedali ya gia, na cha kulia chini na pedali ya breki. Msome viatu mnavyovaa msikitini au kanisani. Ya pili ni ya wanunuzi wa mitumba: kiatu cha mtumba kimekwisha kuandikwa mwendo wa mtu mwingine. Kabla ya kulipa, kiweke juu ya ubao ulio sawa ukitazame kwa nyuma. Kikiwa kimeinama, kiache hapo hapo hata kama ngozi yake inang'aa, kwa kuwa kitakulazimisha utembee kama mwenyewe wa kwanza.

Jaribio la nne: kuutazama mwendo

Kila hatua ina sehemu mbili: wakati mguu unapokuwa chini, ambao ni takribani asilimia 60 ya mzunguko wa hatua, na wakati mguu unapopita hewani, ambao ni asilimia 40 iliyobaki. Mguu ulio chini hutua kwa kisigino, hulala kidogo kwa ndani ili kupunguza kishindo, kisha hukaza na kusukuma kwa kidole gumba. Kule kulala kwa ndani si kasoro. Wayo usiolala hata kidogo hupeleka kishindo chote kwenye muundi na goti. Tatizo huanza pale unapolala mno, au unapochelewa kuinuka.

Omba mtu wa nyumbani akupige picha za video kwa simu. Pandisha suruali au gauni mpaka magotini, tembea peku hatua 10 kwenda na 10 kurudi juu ya uwanja ulio sawa. Simu ishikwe karibu na ardhi, kwanza kwa nyuma, kisha kwa ubavuni. Tembea kwanza mara kadhaa bila kupigwa picha, kwa sababu mtu anayejua anatazamwa hubadili mwendo, kama tunavyoona kila siku kwenye vizuizi vya barabarani.

Katika picha ya nyuma tazama kisigino kinapobeba uzito: kimesimama wima, kimeangukia ndani, au kimeelemea nje? Tazama vidole vinavyoonekana upande wa nje wa mguu. Kuona kimoja au viwili ni kawaida. Ukiona vitatu au vinne, mguu umegeukia nje na tao limeshuka. Tazama pia magoti, kama yanagongana au yanaachana kwa matege.

Katika picha ya ubavuni tazama kama hatua za kulia na kushoto zina urefu mmoja, kama mguu unatua kwa kisigino au unapigwa chini kama ubao, na kama vidole vinaburuzika. Kisha funga macho usikilize. Hatua zenye afya zina mlio unaolingana. Mlio mzito wa upande mmoja ni kuchechemea ambako macho hayajakuona bado.

Majibu haya yana maana gani

Ndugu msomaji, usiogope jibu ulilolipata. Wayo bapa si ugonjwa, wala wayo ulioinuka si laana. Ni maumbile, kama vile watu walivyo warefu na wafupi. Mwenye wayo bapa usiomuuma hahitaji tiba. Yapo mambo ya kuangalia tu: mwenye wayo unaolala sana huweza kupata maumivu upande wa ndani wa kifundo, kwenye muundi na chini ya kisigino, hasa akiongeza ghafla mwendo au mzigo. Mwenye wayo ulioinuka huteguka kifundo kwa urahisi zaidi, naye huota sugu chini ya kisigino na chini ya vidole kwa kuwa uzito wote huangukia sehemu chache.

Vijana wengi hutuuliza kama mwenye nyayo bapa anaweza kuwa askari. Jibu letu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa na daktari anayewapima waombaji, haitolewi na majirani wala na karai la maji. Kijana asijiondoe mwenyewe katika safari ambayo hajaianza. Polisi ya Uganda imewahi kuwa na askari aliyeitwa John Akii-Bua, ambaye mwaka 1972 mjini Munich alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia wakati huo. Leo inaye Joshua Cheptegei, mtoto wa Sebei, mshindi wa dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024. Mizani iliyowapima ilikuwa saa, haikuwa umbo la wayo.

Wala msomaji asidanganywe na wauzaji wanaosema kila aina ya wayo ina kiatu chake cha bei kubwa. Majaribio yaliyofanywa kwa makuruta wa majeshi ya Marekani, waliogawiwa viatu kulingana na umbo la nyayo zao, yalionyesha kwamba ugawaji huo haukupunguza majeraha kwa kiasi cha maana ukilinganishwa na kumpa kila mmoja kiatu cha aina moja. Faida ya kujua wayo wako ni kujua pa kuangalia, na kutambua mapema kitu kinapobadilika.

Kiatu kinachofaa na mazoezi yasiyo na gharama

Nunua kiatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi ya kutwa. Simama ndani yake: kuwe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu cha mguu. Kikunje: kikunjike penye vidole, kisikunjike katikati. Kibonyeze kisiginoni: kiwe imara. Makubazi ya matairi, ambayo kwa wengine ni katambuga, akala au lugabire, ni bora kuliko kandambili iliyochakaa, mradi misumari yake ichunguzwe kila jioni. Kipimo kikuu ni raha ya mguu wako mwenyewe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiatu ni hivyo hivyo.

Kila jioni fanya mazoezi matatu. La kwanza, ukiwa umeketi, jaribu kulivuta shina la kidole gumba kuelekea kisiginoni bila kukunja vidole, mpaka tao linyanyuke. Hesabu hadi tano, achia, rudia mara 10. La pili, shika ukuta, panda juu ya ncha za vidole na ushuke polepole, mara 15. La tatu, weka mguu mmoja nyuma, kisigino kikigusa chini na goti likiwa limenyooka, uegemee ukuta mpaka shavu la mguu livutike. Kaa hivyo kwa nusu dakika, kila mguu mara tatu. Anayebeba mzigo mzito augawe au apumzike njiani, wala asiongeze uzito na umbali katika juma moja.

Kuhusu watoto

Mzazi asishtuke kuona mtoto wa miaka miwili ana nyayo bapa. Takribani watoto wote huanza hivyo, kwa kuwa chini ya wayo wao kuna mafuta na kano bado ni laini. Tao huendelea kujitokeza katika miaka ya utotoni. Utafiti wa watoto 2,300 wa India Kusini, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba nyayo bapa zilikuwa nyingi zaidi kwa waliozoea viatu kuliko kwa waliotembea peku. Basi mtoto akicheza peku kwenye ua safi, mwacheni. Njiani na shambani avae viatu, kwa ajili ya misumari, vigae, funza na minyoo ya safura. Katika maeneo ya udongo mwekundu wa volkano, kama miteremko ya Mlima Elgon, ipo sababu nyingine: kukanyaga udongo huo peku kwa miaka mingi huleta uvimbe wa miguu unaofanana na matende, ingawa hauletwi na mbu. Kuosha miguu kwa sabuni na kuvaa viatu huuzuia.

Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda kwa ndani ni habari nyingine. Huyo hajarogwa na hapaswi kufichwa. Akifikishwa hospitalini katika majuma ya kwanza, mguu wake hunyooshwa taratibu kwa plasta inayobadilishwa kila juma, mara nyingi pamoja na upasuaji mdogo wa kano ya kisigino, kisha huvaa viatu maalumu vyenye upau kwa miaka kadhaa. Wengi hutembea na kukimbia kama wenzao. Tumewahi kukuta watoto wa namna hiyo wamefungiwa ndani, nalo ni jambo linalotuhusu sisi kama polisi, maana kumficha mtoto asipate tiba ni kumdhulumu.

Dalili zisizongoja

Nenda kituo cha afya upesi ukiona mojawapo ya haya: wayo wa mtu mzima uliokuwa na tao umeshuka mmoja tu, pamoja na uvimbe upande wa ndani wa kifundo, ganzi au kutohisi mguuni, hata kama hakuna maumivu, kidonda kisichopona kwa majuma mawili, na kwa mwenye kisukari kidonda chochote siku ile ile, maumivu makali juu ya sehemu moja ya mfupa yanayozidi ukitembea, shavu la mguu mmoja kuvimba, kupata joto na kuuma, mtoto anayechechemea akiwa na homa, na mguu usioweza kubeba uzito baada ya kuteguka.

Mwenye kisukari, na yeyote aliyewahi kuugua ukoma, azitazame nyayo zake kila usiku, kwa kioo au kwa macho ya mtu wa nyumbani, na aukung'ute kila kiatu kabla ya kukivaa. Wahudumu wa afya wa vijiji, tunaowaita VHT, watakuelekeza pa kwenda. Anayekosa kuwapata afike kwa mwenyekiti wa LC1 au kituoni kwetu. Mpaka usiwe kisingizio cha kuchelewa: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nyayo za mtu mwingine

Tumalizie kwa ombi la kikazi. Sasa unajua ni habari kiasi gani imo ndani ya alama moja ya mguu: upana wa tao, upande unaoelemea, urefu wa hatua, kuchechemea. Wazee wa wafugaji wamezisoma alama hizo tangu zamani wakifuata mifugo iliyoibwa, nasi tunazisoma leo. Kwa hiyo nyumba ikivunjwa au ng'ombe wakiibwa, tunawasihi msikusanyike zizini wala mlangoni. Kila anayekuja kutoa pole juu ya udongo ule hufuta ushahidi. Funikeni alama kwa karai au beseni lililopinduliwa, simameni mbali, zuieni watoto na mbwa, kisha mtuite. Kijiji kilichotunza unyayo mmoja kimetusaidia kuliko kijiji kilichotupa majina 10 ya kukisia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini jaribio la maji lirudiwe mara tatu, na kwa miguu yote miwili?
2. Mwenye wayo bapa hupanda juu ya ncha za vidole ili kutambua jambo gani?
3. Kwa nini viatu vya mwendesha bodaboda havifai kusomwa?
4. Taja dalili tatu zinazomtaka mtu aende kituo cha afya upesi.
5. Ukiamka ukakuta alama za miguu ya mwizi uani, utafanya nini kabla polisi hawajafika?

Walimu wa shule za mpakani wanakaribishwa kulitumia somo hili darasani. Karai moja la maji latosha darasa zima.

Yule mama wa ndizi bado hupita hapa kila siku ya soko, sasa akiwa amevaa viatu vilivyofungwa. Hufika kaunta, huvivua mwenyewe bila kuombwa, akatuonyesha nyayo zake, kisha akaendelea na safari. Nasi twamtakia yeye, na kila mmoja wenu, hatua salama.